Vijia vya Juu ya Jukwaa

Tarehe 3 Februari

Baba, shikamoo.

Kaa kwanza. Najua unavyosoma barua, umesimama mlangoni kama mtu anayesubiri basi. Umekaa? Haya. Ofisi yetu imepewa kazi ya kusanifu jengo jipya la sanaa za maonyesho na teknolojia ya utangazaji, na chuo chenyewe ni kile kile ulichokitumikia miaka ishirini na sita ukiwa seremala wa jukwaa. Bosi amenikabidhi mimi, kuanzia mstari wa kwanza hadi muhuri wa mwisho. Mimi, Baba! Nilitoka ofisini kwake nikaenda chooni nikacheka peke yangu mpaka mfagiaji akagonga mlango kuuliza kama niko salama.

Litakuwa na ukumbi wa watu mia sita, studio mbili za televisheni, vyumba vya kurekodia sauti na chumba cha densi. Lile ghala mlilokuwa mkiliita ukumbi litabomolewa. Nilikwenda kulipima wiki iliyopita, nikasimama katikati ya jukwaa. Mbao zako bado hazilii ukizikanyaga. Kila kitu kingine kinalia.

Sasa nisaidie. Niambie jengo lile lilikuudhi nini. Nataka manung'uniko yote ya miaka ishirini na sita, hata yale ya kijinga. Na uandike, tafadhali, maana kwenye simu husikii vizuri na unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza swali.

Mwanao,
Rula


Tarehe 12 Februari

Rula mwanangu, marahaba.

Nilikaa. Mama yako ndiye aliyesimama, akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nilimwambia hakuna anayeolewa, ni yule aliyeiba rula yangu akiwa na miaka sita akapima nyumba nzima, hadi paka, sasa amepewa chuo kizima akipime.

Manung'uniko unayataka, utayapata. Mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba. Nikijenga nyumba ya mchezo ndani ya karakana, lazima niikate katikati kwa msumeno ili ipite, halafu niiunge tena jukwaani, na watazamaji wa mbele wanauona ufa. Weka mlango wa kupitisha lori. Wasichana walikuwa wanabadilisha nguo kwenye stoo ya mafagio. Mwigizaji mmoja aliingia kama malkia akiwa na utando wa buibui kichwani, watu wakadhani ni taji. Choo kiko nyuma ya ukuta wa jukwaa, mtu akivuta maji, shujaa anakufa kwa mlio wa maporomoko. Mvua ikinyesha juu ya mabati, mnasimamisha kila kitu. Na hao watu wa kurekodi sauti usiwaweke chini ya chumba cha densi, au kama huna budi, ile sakafu ya juu uikalishe kwenye mpira mzito, si zege juu ya zege.

Taa? Taa tulifunga. Ndiyo hivyo.

Mguu ni ule ule. Mama yako anakusalimu.

Babako


Tarehe 20 Machi

Baba, shikamoo.

Mlango wa lori upo. Vyumba vya kubadilishia nguo viko sita, kila kimoja na kioo na maji. Choo nimekipeleka mbali kabisa. Sakafu ya densi imekaa juu ya mpira, na studio haiko chini yake.

Lakini hukuniandikia hata neno moja kuhusu kule juu, na mimi ndiko nilikoanzia. Kabla sijachora viti, kabla sijachora mlango, nilichora vijia. Ni njia nyembamba za chuma zinazoning'inia juu ya jukwaa na juu ya watazamaji, zenye vizuizi pembeni vinavyofika kiunoni, ili fundi taa atembee kwa miguu yake hadi kwenye taa, afunge, ashuke, akanywe chai. Hakuna ngazi. Nilipokuwa nachora nilikuwa nakuona wewe ukianguka kutoka kwenye ngazi siku ile, ingawa sikuwepo. Nilikuwa kwenye chumba cha mtihani.

Sasa kuna tatizo. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anataka uso wa jengo uwe kioo kitupu, na juu ya kioo skrini kubwa inayoonekana kutoka barabarani. Ili fedha zitoshe kwa hayo, amechukua kalamu nyekundu akafuta vijia vyote. Anasema taa za siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, hakuna haja ya mtu kupanda. Bosi wangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila sentensi.

Nikawauliza, taa ikikwama, kompyuta itapanda ngazi? Mjumbe mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Sitavifuta, Baba. Nimewaambia hivyo hivyo. Kikao kijacho nitawaeleza habari ya mguu wako.

Mwanao,
Rula


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Usiwaeleze.

Waachie kioo chao. Umepata mlango, umepata vyumba, umepata sakafu. Hayo si machache. Kazi ya kamati ndiyo ilivyo, unatoa hiki unapokea kile. Mimi nimeishi nao, nawajua.

Mguu wangu ni wangu. Sikukupa uupeleke kwenye kikao.

Mahindi ya bustanini yameanza kutoa nywele. Mama yako ana kikohozi kidogo lakini anaendelea vizuri.

Babako


Tarehe 17 Aprili

Baba,

Nilipopata barua yako nilidhani umezeeka. Nilisema, Baba amechoka, amekuwa mtu wa kuachia. Nikaamua kukwenda kikaoni bila baraka zako. Laiti ningejua kilichokuwa kinanisubiri.

Nilieleza hatari za ngazi bila kukutaja. Mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu sana. Kisha akafungua faili. "Katika miaka thelathini," akasema, "tumekuwa na ajali moja tu. Na aliyeanguka alikiri mwenyewe." Akanisogezea karatasi juu ya meza kwa kidole kimoja.

Imepigwa chapa. Inasema: *Nilipanda ngazi bila ruhusa, nikiwa nimelewa. Nilianguka kwa uzembe wangu mwenyewe na sidai chochote kutoka chuoni.* Chini yake kuna saini yako. Niliitambua ile herufi ya kwanza, jinsi unavyoipinda kama ndoana.

Kamati nzima ilikuwa inaniangalia. Jina langu la ukoo liko kwenye kila mchoro, Baba. Alijua ni nani anampa karatasi ile.

Wewe hujanywa pombe maisha yako yote. Kwenye harusi ya kaka ulikuwa unanusa soda kabla ya kunywa. Basi niambie, nani mwongo, wewe au karatasi? Kama ni karatasi, kwa nini saini yako iko pale? Na kama ni wewe, miaka yote hii nimekuwa nachora vijia kwa ajili ya nani?

Nilitoka pale na nakala ya karatasi ile mkobani.

Rula


Tarehe 26 Aprili

Binti yangu mpenzi,

Nakuandikia mimi mama yako, na mwandiko wangu unaujua, nivumilie.

Ulimwandikia baba yako kama askari anayechukua maelezo. Aliisoma barua yako dirishani mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Siku tatu hakusema zaidi ya "nipe chumvi". Ya nne akaniambia nimtolee suruali ya kijivu. Nikamuuliza msiba uko wapi. Akasema, "Ninakwenda kazini."

Amepanda basi la asubuhi kwenda chuoni, na ile fimbo yake. Nilimwambia mguu hautamudu safari ya nusu siku. Akasema mguu ndio unaompeleka.

Mimi nayajua ya karatasi ile tangu siku aliyoitia saini. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake hospitalini. Lakini si yangu kuyasema, atayasema mwenyewe. Nitakwambia moja tu. Siku ile baba yako alinitazama kabla ya kushika kalamu, na mimi ndiye niliyemwambia tia. Kama una hasira, nigawie na mimi.

Kula vizuri. Usijibu barua hii ukiwa na njaa.

Mama


Tarehe 28 Aprili

Rula mwanangu,

Naandika nikiwa nimekaa ukumbini, kwenye kiti cha mstari wa tatu ambacho nilikitengeneza mimi na bado kinayumba.

Nitakwambia lililotokea. Ilikuwa mchana, siku mbili kabla ya onyesho. Nilikuwa nimeandika barua tatu kuomba jukwaa la chuma la kupandia, na sikujibiwa hata moja. Ngazi iliyokuwepo ilikuwa fupi, tukaiunga na nyingine kwa kamba. Mwenzangu wa kuishikilia aliitwa akapange viti vya wageni. Nikapanda peke yangu kwa sababu mkuu wa idara alikuwa amesimama pale chini anaangalia saa. Nilifika kwenye taa ya nne. Kamba ikateleza.

Siku ya pili hospitalini akaja ofisa mmoja wa utawala na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Alisema nikitia saini, nabaki na kazi na nyumba ya chuo. Nisipotia, tutoke mwisho wa mwezi. Wewe ulikuwa umebakiza mitihani mitano. Nilitia saini nikiwa nimelala chali, ndiyo maana ile herufi imepinda kuliko kawaida.

Nakala za barua zangu tatu sina. Nina mguu tu. Na aibu. Niliona aibu, mwanangu. Nilikaa miaka ishirini nikiogopa siku utakayoiona karatasi ile, halafu ukaenda ukaipata kazi ya mahali ilipo.

Sasa sikiliza kilichonifanya nichukue kalamu leo na si kesho. Nilipofika hapa niliwakuta mafundi taa wa siku hizi. Nikawauliza, mnapandaje? Wakaniletea ngazi mbili zilizofungwa kamba. Nikauliza, nani ameshaanguka? Wakatazamana. Watatu, Rula. Mmoja alivunjika mkono, mwingine aliacha meno yake manne pale kwenye mstari wa kwanza, wa tatu mgongo ulikufa na hatembei tena. Nilikwenda kwake na fimbo yangu, mkewe akanifungulia kabati. Kumbe kila mmoja alipewa karatasi na wote walibaki na nakala, kwa sababu wao ni wajanja kuliko mimi.

Nimezisoma zote. *Nilipanda ngazi bila ruhusa, nikiwa nimelewa.* Neno kwa neno. Yule wa meno hajaonja pombe tangu azaliwe, chai ya tangawizi tu inamtoa machozi.

Nilidhani mimi ndiye niliyedanganya. Kumbe nilikuwa nanakili tu.

Nakutumia karatasi zao tatu, na kiapo changu nilichoandikisha kwa wakili leo asubuhi. Wote wamekubali. Nilikwambia mguu wangu ni wangu usiupeleke kikaoni. Sasa nakupa. Upeleke, na usilainishe maneno.

Babako


Tarehe 20 Mei

Baba yangu, shikamoo, na unisamehe kwa barua ile. Mama nimeshamwandikia yake.

Kikao kilikuwa jana. Nilisubiri wafike kwenye mchoro wa paa, nikaomba nafasi. Nikasoma karatasi yako. Mwenyekiti akasema hii tumeshaiona. Nikasoma ya pili. Yule mjumbe anayependa kucheka akacheka, akadhani nimerudia ile ile kwa bahati mbaya. "Umeshaisoma hiyo, dada." Nikamwambia hapana, hii ni ya mtu mwingine. Nikasoma ya tatu. Hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Ya nne niliisoma polepole, nikamaliza na jina la yule wa mgongo na mwaka alioanguka, kisha nikasoma kiapo chako chote, hadi kwenye mwenzako aliyeitwa kupanga viti.

"Haya si ajenda," akasema mwenyekiti.

"Ndiyo ajenda," nikamwambia. "Watu wanne wameanguka kutoka mahali ambapo mimi nimechora kijia na wewe umekifuta kwa kalamu nyekundu. Ulisema ajali ni moja. Hesabu tena."

Akaahirisha kikao. Kwenye korido bosi alinishika mkono, akanong'ona kwamba mteja hatukanwi. Akanitaka nigonge muhuri kwenye michoro ya kioo kesho yake asubuhi, la sivyo nisirudi. Muhuri ule una jina langu na namba yangu ya usajili, Baba. Jengo likiua mtu, anayeulizwa ni mimi. Niliuchukua kutoka mezani nikautia kwenye mkoba. Yule mhandisi wa nguzo na mihimili, mama mmoja tunayemwita Mama Zege kwa sababu hana tabasamu, alikuwa amesimama nyuma yetu anasikia kila kitu. Akafunga faili lake. "Paa nililolikokotoa mimi lina vijia," akasema. "Mkitaka paa lingine, tafuteni mhandisi mwingine."

Kwa hiyo nimefukuzwa. Nimebeba vitu vyangu kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Nimekaa kitandani nakuandikia, sijalia bado. Nikilia nitalia, lakini muhuri siugongi.

Mwanao,
Rula


Tarehe 11 Juni

Rula,

Usilie, au lia upesi upesi umalize, kwa sababu nina habari.

Mafundi wamegoma kupanda. Walimwandikia mkuu wa idara mstari mmoja: *Hatupandi.* Alhamisi kulikuwa na onyesho la wanafunzi na makamu mkuu wa chuo alikuwa mgeni rasmi. Hakuna taa hata moja iliyokuwa imefungwa. Wanafunzi hawakuahirisha. Walifungua milango yote na madirisha yote, wakaigiza saa nane mchana kwa mwanga wa jua, jasho linawatoka, na kuku wa mlinzi akakatiza jukwaani katikati ya hukumu.

Makamu mkuu akauliza kwa nini hakuna taa. Fundi yule wa meno, ambaye kwa kawaida hasemi kwa sababu ya hilo pengo, alisimama akamwambia mbele ya watu wote. Kisha akampa nakala za karatasi nne. Alizisoma pale pale kitini na onyesho lilikuwa bado linaendelea.

Mimi nilikuwepo. Mama yako anasema nimehamia huko. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu.

Umefukuzwa kwa sababu hukugonga muhuri. Mimi nilibakizwa kwa sababu nilitia saini. Nimelifikiria hilo safari nzima ya kurudi nyumbani. Sikuona vibaya, mwanangu. Nilijiona nimezaa.

Babako


Tarehe 14 Septemba

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Baraza la chuo limeamua. Vijia vimerudi vyote, na juu ya watazamaji wameongeza kimoja. Skrini ya barabarani imefutwa, na mbele patakuwa na ukuta wa kawaida wenye madirisha. Mwenyekiti ameondolewa kwenye kamati, lakini wamempa kamati nyingine.

Kazi imebaki kwa ofisi yangu ya zamani. Msanifu waliyempa ni kijana mwenzangu tuliyekuwa tunakaa meza moja. Alinipigia simu kwa kunong'ona kuuliza nilivyounga kijia cha kati na ule mhimili mkubwa. Nilimweleza saa nzima. Jengo halina kosa lolote. Mama Zege bado yupo, ananiletea habari.

Bosi ameniandikia kwamba naweza kurudi nikimwomba mwenyekiti radhi kwa maandishi. Nimemjibu kwa maandishi: *Sina la kuombea radhi.* Nimepanga chumba karibu na fundi cherehani, nina meza na dirisha moja. Kazi yangu ya kwanza ni jiko la shule. Wapishi wameniambia moshi unawaua, na mimi nimewaambia waniandikie manung'uniko yote, hata yale ya kijinga.

Kwenye ubao uliosimikwa pale uwanjani wameandika majina ya wasanifu na wahandisi wote. Langu halipo. Inaniuma, sitawadanganya. Nilisimama pale mbele nikausoma ubao wote, hadi jina la kampuni ya mchanga. Kisha nikaona wameshachimba msingi wa mlango wa lori.

Mwanenu,
Rula


Tarehe 2 Oktoba

Rula mwanangu, marahaba.

Nimepata barua kutoka chuoni, yenye nembo na muhuri. Inasema kwamba, kwa kuzingatia utumishi wangu wa muda mrefu, chuo kimenisamehe kosa lililomo kwenye faili langu.

Kimenisamehe!

Mama yako alitaka kuiweka kwenye fremu. Nilimsomea polepole, neno moja moja, akaacha kutafuta nyundo. Nikaikunja nikawarudishia na mstari mmoja chini yake: *Sikuomba kusamehewa.*

Wiki iliyopita karani wao akanipigia simu. Nikamwambia apaze sauti.

"Mzee, kesi imekwisha, jengo linajengwa, unataka nini hasa?"

"Nataka karatasi inayosema kwamba sikuwa nimelewa."

"Mzee, fomu ya namna hiyo hatuna."

"Basi itengenezeni," nikamwambia. "Ile nyingine mlikuwa hodari sana wa kuitengeneza."

Akakata simu, au ilikatika, sijui. Nimezungumza na wenzangu. Jumatatu tunakwenda wote wanne kwenye ofisi ya utawala, na tutakaa pale mpaka zichapwe karatasi nne. Yule wa mgongo tutambeba na kiti chake. Mkewe ameshafunga chai kwenye chupa kubwa, kwa hiyo wasitegemee kwamba tutachoka mapema.

Andika jina lako kwenye mlango wa kile chumba chako. Kwa herufi kubwa.

Babako

Nami pia nakwenda. Nimeshatoa ile suruali ya kijivu na gauni langu. — Mama